Burundi: Mwenye Silaha Asiachwe Nje ya Mazungumzo

Askari anajua kuwa kunyamazisha bunduki si sawa na kujenga amani. Jirani zetu wa Burundi ni ushahidi. Vita vilivyozuka baada ya wanajeshi kumwua Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vilijadiliwa Arusha chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999, wa Mzee Nelson Mandela.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini mapigano yaliendelea, kwa kuwa makundi makuu yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwamo. CNDD-FDD ilikubali mwaka 2003; FNL iliweka silaha chini mwaka 2009 tu. Kila mwaka wa kukawia ulilipiwa kwa damu.

Kiini cha mkataba huo kilikuwa jeshi lenyewe: kabila moja lisizidi nusu ya askari wake. Wahenga walinena, ajenga nchi mwananchi. Raia hawezi kuijenga nchi ambayo jeshi lake analiogopa kuwa la wengine. Kwa hiyo hapana budi walinzi wa taifa watoke katika taifa zima.