Mvua ya Kitale Ilivyonifunza Kula Nikikimbia

Sisi watu wa mwambao tukikimbia, adui tunayemjua ni jua. Mimi mbio ndefu nilijifunzia Mombasa, nikitoka Nyali alfajiri kuelekea Mtwapa kabla joto halijapanda, na hofu yangu ilikuwa moja tu: maji yasiniishie. Nilipohamishiwa kazi ya ualimu Kitale, nilijiambia mzigo umenitoka. Nani asiyependa kukimbia penye baridi?

Agosti moja, nikijiandaa kwa Nairobi Marathon ya mwezi wa Oktoba, baridi hiyo hiyo ilinikalisha kando ya barabara nikashindwa hata kufungua zipu ya mfuko wa kiunoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na tende. Najua wapo vijana wetu wa Pwani wanaopanga kupanda bara kwa mazoezi, na pengine hakuna atakayewaambia haya mapema. Ndiyo maana naandika.

Siku yenyewe

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo kule kuna baridi kuliko kwetu kwa nyuzi kumi na mbili au karibu na hapo. Mvua yake nayo haisikilizi kalenda yetu ya kaskazi na kusi. Huanza kama Machi, na Agosti, wakati Mombasa tuko katika kipupwe, huko bado inanyesha. Mara nyingi hushuka alasiri, kwa radi, na pengine mvua ya mawe.

Nilipanga kilomita 32: kutoka Kitale kupitia Kiminini kuelekea Kamukuywa, upande wa Kaunti ya Bungoma. Ilikuwa Jumamosi, nikaondoka saa nane mchana. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na vipande viwili vya mkate. Chakula cha mchana nilikiacha makusudi, nikihofia tumbo. Nilivaa fulana ya pamba, nikabeba chupa ya maji matupu na pakiti moja ya tende.

Hadi Kiminini nilikuwa sina neno. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa Mlima Elgon, na mvua nyuma yake. Nusu saa ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Sikuona kiu, kwa hiyo sikunywa. Sikuona njaa, kwa hiyo tende hazikutoka mfukoni. Baada ya saa mbili na zaidi miguu ikawa mizito, na nilipojaribu kuhesabu nguzo za stima, kila nikifika nne au tano nilisahau nilikuwa kwenye ngapi. Nikaamua nile tende. Vidole vikakataa. Nikaketi.

Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alinijia na gunia akanifunika mabegani. Hakuniuliza kama nimeumia.

"Kijana, umekula?"

"Asubuhi, mama."

"Na unakimbia mvua yote hii na chakula cha asubuhi?"

Alinipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mandazi mawili. Baada ya kama robo saa nilikuwa na akili zangu tena. Safari iliishia pale, nikarudi Kitale kwa matatu huku nikitetemeka, na swali lake likirudi kichwani kila mara.

Kwa nini mvua inaleta njaa

Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Kwa mtu mzima akiba hiyo yote ni kama nusu kilo, au chini kidogo. Ukikimbia kwa kasi ya wastani, hukutosha saa moja na nusu hadi saa mbili hivi. Mafuta ya mwilini yapo mengi, lakini huungua polepole na hayawezi kubeba kasi peke yake. Waswahili tunasema akiba haiozi, na ni kweli, lakini hii ya mwilini huisha, na ikiisha huishia barabarani.

Baridi ya mvua huifyonza akiba hiyo upesi. Maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara ishirini kuliko hewa tulivu, na fulana ya pamba ikilowa inakuwa kama kuvaa maji yenyewe. Mwili ukipoa hutetemeka ili kuzalisha joto, na kutetemeka ni kazi ya misuli inayokula sukari ile ile ya miguu. Yaani unalipa nauli mara mbili, ya kwenda na ya kupasha joto. Isitoshe, kwenye miinuko hewa ina oksijeni kidogo, na mgeni kutoka pwani akilazimisha kasi yake ya Nyali, mwili wake huchoma sukari zaidi kwa kila kilomita.

Kuna mtego mwingine. Baridi hupunguza kiu, na asiyekunywa hukosa ile sukari ambayo ingekuwa ndani ya chupa. Ubongo nao hula sukari inayotoka kwenye ini, hivyo akiba ikishuka, cha kwanza kupungua ni ile akili iliyopaswa kukukumbusha kula. Ndiyo maana mimi nilikuwa na tende kiunoni na bado nikakwama. Chakula nilikuwa nacho, nilichelewa kukila.

Hata mabingwa huonjeshwa

Usidhani ni ulegevu wa mtu wa pwani. Mwaka 2018 mbio za Boston zilikimbiwa katika mvua baridi na upepo wa mbele, na wanariadha kadhaa wakubwa walijiondoa njiani. Geoffrey Kirui wetu aliongoza hadi mwisho mwisho, kisha nguvu zikamwishia, akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi. Mei 2021, huko Gansu nchini China, washiriki 21 wa mbio za milimani za kilomita 100 walipoteza maisha baada ya mvua, mawe na upepo wa baridi kuwakuta wakiwa na nguo nyepesi. Hao walikuwa wakimbiaji wazoefu. Hali ya hewa mbaya inaua, na haya si maneno ya kutishana.

Na chai ya yule mama ina hoja yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanariadha 10 wa mbio ndefu wa Kenya na kuandika kila walichokula. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, na vyanzo vikubwa vilikuwa ugali na sukari, sehemu kubwa ikiwa ndani ya chai ya maziwa. Ni chakula cha jikoni, kisichohitaji duka la ng'ambo.

Ninavyofanya sasa

Usiku wa kuamkia mbio ndefu nakula ugali au wali wa kutosha. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, nakunywa uji wenye sukari na kula mkate au ndizi. Mahamri kwa mbaazi za nazi nayapenda kama uyapendavyo wewe, lakini yasubiri nirudi: mafuta na kunde hukaa sana tumboni.

Kwa mbio za zaidi ya saa moja, ushauri wa wataalamu wa lishe ya michezo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Chupa yangu ni rahisi: nusu lita ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maji ya ndimu. Hiyo ina takriban gramu 25. Ndizi moja ya wastani inakaribia gramu 25 pia, na tende nne ndogo vile vile. Chupa moja na ndizi moja kwa saa inatosha. Sukari yetu ya kawaida ina aina mbili ndani yake, glukosi na fruktosi, ambazo utumbo huzipitisha kwa milango tofauti, kwa hiyo ni chakula kizuri cha mkimbiaji kwa bei ya duka la mtaani.

Naanza kula dakika ya 30, nikiwa bado sina haja. Saa ya mkononi inalia kila baada ya nusu saa, na ikilia nakula bila kujadiliana nayo. Tende nazitoa kokwa nyumbani na kuzifunga kwenye kimfuko chepesi kinachochanika kwa meno, kwa sababu sitegemei tena vidole. Tumbo nalo hufundishwa. Anza na kidogo, uongeze kila wiki, na usijaribu jambo jipya siku ya mashindano.

Fulana ya pamba niliiacha. Navaa ya nailoni nyepesi, koti jembamba la kuzuia upepo, na kofia yenye ukingo ili mvua isinipige machoni. Mapajani na chini ya makwapa napaka mafuta ya mgando, maana nguo iliyolowa hukwangua ngozi kama mbuzi anavyokuna nazi.

Radi haina ubishi. Ukisikia ngurumo, ingia kwenye nyumba au gari, usikae chini ya mti, na usubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na mwenzako akianza kutetemeka bila kukoma, ulimi ukawa mzito na akajikwaakwaa, mbio zimekwisha. Mvue nguo za maji, mfunike kwa kikavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama yu macho na anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na kuchanganyikiwa, usifurahi. Hapo ndipo pa kukimbiliwa hospitali.

Kurudi barabarani

Wiki mbili baadaye nilirudia njia ile ile, mara hii nikiondoka saa kumi na mbili asubuhi ili niitangulie mvua ya alasiri. Haikusaidia sana, kwani ilianza kunyesha kabla sijafika Kiminini. Lakini saa ililia, nikala. Ikalia tena, nikala. Kwenye kibanda cha yule mama nilisimama kwa chai ya haraka. Alinitazama akauliza, "Leo umekula?" Nikamwonyesha maganda ya ndizi mkononi, akacheka.

Nilifika karibu na Kamukuywa nikiwa nimelowa chapachapa, nimechoka uchovu wa kawaida, na hesabu ya nguzo ninayo kichwani. Nikabadilisha nguo, nikapanda matatu hadi Bungoma, kwa swahiba wangu wa Majengo anayeuza vitambaa huko. Alikuwa amenipikia pilau, nikala sahani mbili.

Kijana wa Pwani unayepanda bara, miguu unayo, na pumzi utaizoea baada ya wiki kadhaa. Kiu umeshafundishwa na jua la nyumbani. Njaa ya mvua hakuna aliyekufundisha, kwa sababu kwetu haipo. Kwa hiyo kabla hujafunga kamba za viatu, jiulize swali la yule mama. Kisha ulibebe njiani, uliulize kila nusu saa.