Mtoto wa Mbwa: Choo Chake na Chakula Chake



Mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani, siku ya kwanza watoto hufurahi. Wiki ya pili mama wa nyumba ndiye anayelia: jikoni kumechafuka, chini ya kitanda kumechafuka, na huyo mgeni ameonekana nyuma ya nyumba akila mavi. Hapo fimbo huchukuliwa. Lakini fimbo haifundishi kitu hapa. Mbwa ukimchapa kwa kosa la nusu saa iliyopita hajui anachapiwa nini. Atajifunza kukuogopa tu, na kesho atajisaidia nyuma ya magunia ya mahindi usimwone.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo sana, labda masaa mawili au matatu. Hujisaidia akiamka, akimaliza kula, na akitoka kucheza. Hizo ndizo nyakati za kumtoa. Chagueni mahali pamoja, mbali na jikoni, kisima na pale watoto wanapochezea. Mpeleke hapo hapo kila mara, ngoja, na akimaliza msifu papo hapo au umpe kipande cha ugali. Usiku mweke mahali padogo penye gunia, kwa sababu mbwa hapendi kuchafua anapolala. Akilia, amka umtoe. Ukimkuta anakojoa ndani, mwite tu umpeleke nje. Palipochafuka paoshwe kwa sabuni mpaka harufu iishe, la sivyo atarudi hapo. Ale kwa saa maalum, mara tatu kwa siku, maana anayekula ovyo hujisaidia ovyo. Kazi hii ni ya wiki kadhaa, si ya siku mbili.

Sasa lile la kula uchafu. Mama yake huwaramba watoto wake na kula mavi yao ili wanapolala pawe safi, kwa hiyo kwake si jambo geni. Njaa nayo humsukuma, na minyoo pia. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi mavi hayo ni ya watoto wetu. Kuna nyumba ambazo mtoto akijisaidia uani, mbwa huitwa aje asafishe! Kisha mbwa huyo huyo anamramba mtoto mdomoni. Mavi ya mtoto yatupwe chooni, na ya mbwa yaokotwe kila siku na kufukiwa. Mayai ya minyoo ya mbwa yakikaa kwenye udongo wiki mbili tatu, huwa tayari kumwambukiza mtoto anayetia vidole mdomoni.

Kubwa zaidi ni siku ya kuchinja. Maini au mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia yakikutwa na vifuko vya maji, wengi humtupia mbwa. Ndani ya vifuko hivyo mna watoto wa tegu mdogo sana. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, na baada ya wiki sita au saba mayai hutoka na mavi, hushika kwenye manyoya, kisha humwingia mtu kwa mikono, chakula au maji. Ndani ya mtu vifuko hukua polepole kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, na wengine hulazimika kupasuliwa. Ugonjwa huu huitwa haidatidi. Turkana watu waliteseka nao sana, hata AMREF ikaanzisha mpango wa kuuzuia mwaka wa 1983. Viungo hivyo vichomwe, au vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hafukui. Kama ni lazima mbwa apate matumbo, yachemshwe nusu saa nzima.

Dawa ya minyoo ianze mtoto wa mbwa akiwa wa wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Tegu huyo ana dawa yake, prazikwanteli. Ile ya minyoo ya kawaida haimuui. Na msikisie kipimo kwa dawa ya mbuzi. Kikundi kinaweza kumwita afisa wa mifugo siku moja, mbwa wote wa kijiji wakaletwa, na wenye miezi mitatu na zaidi wakachanjwa kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mbwa waje wamefungwa kamba, na waletwe na watu wazima.