Nani Anamwamuru Dereva wa Uber?

Dereva wa Uber jijini London alikuwa na uhuru ambao dereva wa daladala angeuonea wivu: awashe programu akitaka, aizime akichoka, asimwombe mtu ruhusa wala asipeleke hesabu kwa tajiri jioni. Lakini akishaiwasha, mambo yalibadilika. Kwa taratibu zilizochunguzwa mahakamani mwaka 2016, kiwango chake cha kukubali safari kikishuka chini ya asilimia 80 alipata onyo, kisha jingine, na mwishowe alifungiwa nje ya mfumo kwa dakika 10.

Huyo anajitegemea, au ana bosi? Wachumi walianza kubishana zamani, na aliyechokoza mjadala ni mtoto wa London. Ronald Coase, aliyezaliwa Willesden mwaka 1910, alijiuliza angali kijana: kama soko linajua kupanga kila kitu kwa bei, kampuni zipo za nini? Jibu lake, lililochapishwa mwaka 1937, ni kwamba soko lenyewe lina gharama: kumtafuta mtu, kupatana naye, kuandikiana mkataba, na kesho kuanza upya. Gharama zikizidi, kuamuru kunakuwa nafuu kuliko kupatana. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1991.

Armen Alchian na Harold Demsetz, wakiandika mwaka 1972 kutoka Los Angeles, hawakuiona amri yoyote. Kwao, mwajiri hana nguvu kuliko mteja mbele ya mwenye duka: asiporidhika, anakwenda kwingine. Mfanyakazi naye ana mlango huohuo. Hoja tamu, ila inasimama pale tu ambapo kuondoka ni rahisi kwa pande zote mbili. Samuel Bowles na Herbert Gintis waliibana hapo: anayeweza kukunyang'anya riziki usiyoweza kuipata upesi kwingine ana mamlaka juu yako, hata kama mkataba uliusaini kwa hiari. Mteja hakosi usingizi kwa kubadilisha duka. Dereva mwenye mkopo wa gari hukosa. Kampuni nayo ina njia zake za kuondoka. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini nchini Tanzania, ilipoweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa na kampuni kama hizo, Uber ilisitisha huduma Aprili 2022, ikarejea mwaka uliofuata baada ya kikomo kupandishwa.

Kesi ile ya London, iliyofunguliwa na Yaseen Aslam, James Farrar na wenzao, ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Uber ilidai kuwa ni wakala tu, na dereva ndiye mwenye biashara. Tarehe 19 Februari 2021 majaji wote kwa kauli moja walikataa. Hawakuishia kwenye maandishi ya mkataba. Waliuliza nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, nani anahesabu safari zilizokataliwa, nani anazitumia nyota za abiria kumwondoa dereva, na nani anawazuia abiria na dereva wasizoeane hadi wakatafutana wenyewe. Mimi naona wako karibu zaidi na Bowles na Gintis kuliko na Alchian.

Teksi nyeusi za mji huohuo zinaonyesha jinsi kanuni inavyoweza kumpa dereva nguvu. Ili kupata leseni ya jiji zima, sharti akariri mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha picha za ubongo wa madereva hao: sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Sheria ya leseni ilikuwa imepenya hadi ndani ya fuvu! Na mtaji huo hakuna wa kumpokonya. Wa dereva wa Uber uko kwenye ramani ya simu na nyota asizoweza kuhama nazo, na vyote kampuni inaweza kuvizima.

Machi 2021 Uber ilitangaza kuwatambua madereva wake zaidi ya 70,000 wa Uingereza kuwa wafanyakazi wenye haki ya likizo ya malipo na kima cha chini cha mshahara. Lakini kima hicho kilihesabiwa tangu dereva anapokubali safari hadi anapomshusha abiria, ingawa Mahakama ilikuwa imehesabu pia muda wa kusubiri, programu ikiwa imewashwa na dereva yuko tayari kazini. Kusubiri huko ni gharama ya soko, ya aina ileile aliyoieleza Coase, na dereva aliendelea kuilipa mwenyewe.