Tambi au chenga? Farfel tuiiteje kwa Kiswahili

MWALIMU wa mapishi kule Meru au Embu akitaka kueleza farfel, chakula cha Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huenda akaiita 'tambi za mayai'. Viungo ni vilevile, ila umbo linakataa.

Tambi ni ndefu na nyembamba, mfano wa utambi wa taa, ambao wingi wake pia ni tambi. Farfel ni punje. Unakanda unga wa ngano, mayai na chumvi kidogo, bila maji, hadi upate donge gumu. Donge hilo hulisukumi kama chapati. Unalikuna kwa greta. Punje unazianika zikauke, unazikaanga bila mafuta hadi ziwe za kahawia, ndipo unazichemsha.

Basi ukimwambia mtu 'pika tambi', atakwenda dukani kununua spageti. Neno tunalo: chenga, yaani vipande vidogo vya nafaka, kama chenga za mchele. Mbona tusiseme 'chenga za ngano na mayai'?

Vitenzi navyo vina uzito. 'Kupika' hakuwezi kubeba kukanda, kukuna, kuanika, kukaanga na kuchemsha. Anayeishika Shabbat, mathalani Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka wa 1919, sharti amalize mapishi Ijumaa kabla jua halijatua. Maelezo yakimpotosha, hana nafasi ya kuwasha jiko tena hadi Jumamosi usiku.