Somo la Leo: Kuiongezea Kompyuta Kumbukumbu

Ninyi mlio darasani, shikeni penseli, maana leo tuna hesabu kidogo.

Tutazungumza juu ya kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1981, jina lake Sinclair ZX81. Watu waliinunua kwa matumizi ya nyumbani, wakaiunganisha na televisheni yao. Bei yake ilikuwa paundi 69.95, nayo kwa wakati ule ilikuwa rahisi sana. Lakini urahisi huo ulikuwa na sababu: kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno.

Kumbukumbu ya kompyuta ni nini? Ni mahali inapoweka maneno na hesabu wakati ikifanya kazi. Ifananisheni na ubao wa darasani: ukiwa mdogo, mwalimu hulazimika kufuta kabla hajamaliza somo. ZX81 ilikuwa na nafasi 1,024 tu, na nafasi moja hutosha herufi moja. Sasa andikeni. Televisheni ilionyesha mistari 24, kila mstari herufi 32. Zidisheni. Mmepata 768? Vema. Toeni katika 1,024. Zimebaki 256, na humo mashine nayo ilitaka nafasi zake. Basi mtu aliyetaka kuiandikia maagizo marefu, tuseme ya kuweka hesabu za nyumba yake, aliishia njiani.

Dawa yake ilikuwa kisanduku cheusi cha paundi 49.95, ambacho ndani yake mlikuwa na nafasi 16,384. Hakikuhitaji fundi; mtu alikichomeka mwenyewe nyuma ya kompyuta. Zile nafasi 1,024 za mwanzo zikaachwa, kisanduku kikashika kazi yote.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kisanduku hakikufungwa kwa skrubu. Kilishikwa na vipande vyembamba vya madini vilivyogusana tu. Mtu akibonyeza herufi kwa nguvu, kompyuta hutikisika, kisanduku hucheza, kipande kimoja huachana na mwenziwe kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kazi ya jioni nzima imekwisha kupotea. Maana kumbukumbu ya namna hii huishi kwa umeme. Haiachi alama kama penseli yenu. Wengine walikibandika kisanduku kwa utepe wa gundi. Mimi nawasifu zaidi wale waliokuwa wakinakili kazi yao kwenye kaseti ya kawaida, ijapokuwa kunakili kulichukua dakika kadhaa.

Hata leo wako watu wanaozitunza mashine hizi, nao huziundia vibao vipya vya kumbukumbu. Siku hizi kipande kimoja kidogo hutosha na kubaki. Ila wana mpaka: mashine huita kila nafasi kwa namba yake, na kwa mara moja haiwezi kuita zaidi ya nafasi 65,536.

Hesabu ya nyumbani: 1,024 zinaingia mara ngapi katika 16,384? Na katika 65,536? Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini.