Mgonjwa, Daktari na Neno "Moyo"

Shangazi yangu, mkaazi wa Lamu, alizungumza mwaka jana kwa simu ya video na daktari kijana aliyekuwa Nairobi. "Mwanangu, moyo wanichafuka," alimweleza. Daktari akamhoji kuhusu mapigo ya moyo, kisha akamwagiza akapimwe moyo. Kumbe bibi wa watu alikuwa na kichefuchefu!

Siupingi ushauri wa namna hii. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliutambua, na kwa maradhi yasiyo ya dharura ni busara kumwondolea mkongwe mashua ya Mokowe na basi la Mombasa. Lakini zahanatini mgonjwa hujishika tumbo, daktari akaona. Simuni, neno ndilo hubeba mzigo wote. Na kichomi si kiungulia, wala ganzi si maumivu.

Wanafunzi wetu wa udaktari husomeshwa viungo vyote kwa Kiingereza. Ni nani huwafunza kuchafukwa na moyo? Naomba saa mbili tu kwa juma za Kiswahili cha maradhi katika vyuo hivyo. Niko tayari kuzifundisha mwenyewe, na shangazi amekubali kuwa mtahini.