Hatari za Kuruka Chini Juu ya Maji

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, na tangu utoto nia yangu ni kuwa rubani. Mama hataki. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuja kutua kwetu wakati wa hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani karibu na uwanja, na katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Wavuvi walikwenda kuokoa kwa mitumbwi yao. Tangu siku ile, mama akisikia mlio wa ndege hutoka nje akaitazama mpaka itoweke. Kwa kuwa yeye husoma kila toleo la jarida hili, namwomba Mhariri nafasi nieleze jambo hili. Sitasema kwamba hatari hakuna.

Ndege ile ilikuwa ya injini 2 na kubwa kiasi. Mimi nataka kusema habari za zile ndogo za injini 1, zichukuazo watu 4 hivi, ambazo rubani wake aweza kushawishika kushuka mpaka karibu aguse mawimbi.

Adui wa kwanza ni macho yake mwenyewe. Juu ya nchi kavu rubani huona miti, nyumba na ng'ombe, naye ajua ukubwa wa ng'ombe. Basi hukadiria kimo chake bila hata kufikiri. Majini hakuna ng'ombe. Likizo ya Juni nilitoka alfajiri na mjomba kwenda kuvua. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta katika sahani, na mbingu yote ilionekana chini yetu. Nikamwuliza, "Mjomba, yule nyangenyange yuko juu ya maji kiasi gani?" Akacheka. "Mwanangu, nimevua miaka 30, lakini leo siwezi kukwambia. Ngoja aguse maji ndipo tutajua."

Marubani wa ndege zinazotua majini hufundishwa hayohayo. Maji yakiwa kama kioo wasiyaamini macho yao, bali washuke karibu na ufuko, penye miti ya kulinganishia, tena polepole, kama futi 150 kwa dakika, mpaka maji yawapokee. Usiku au penye ukungu mambo huzidi, kwa maana mbingu na maji huwa kitu kimoja, na mtu hudhani yu sawa kumbe ndege imelala upande. Ndivyo alivyopotea John F. Kennedy mdogo, mtoto wa Rais wa Marekani, pamoja na abiria wake 2, walipokuwa wakishuka juu ya bahari usiku wa tarehe 16 Julai 1999.

Mtu atauliza, je, hakuna chombo cha kupimia kimo? Kipo, huitwa altimita, lakini katika ndege nyingi ndogo hupima kanieneo ya hewa, wala hakiyaoni maji. Kanieneo ikibadilika kwa hektopaskali 1 tu, kimo hukosewa kwa futi kama 30. Tena ziwa letu liko futi zipatazo 3,700 juu ya usawa wa bahari. Rubani akisoma 4,000, asifurahi: chini yake zimebaki futi 300 tu.

Hatari ya pili ni ufinyu wa wakati. Injini ikizimika, ndege ndogo huteleza hewani mbele kama mara 9 ya kimo chake. Aliye futi 3,000 anazo maili 5 na dakika kama 4 za kutafuta ufuko na kuita msaada. Aliye futi 50 ana sekunde 4, muda wa kusema "Mungu wangu". Na si injini tu. Akiipinda ndege kwa nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hubeba uzito mara mbili; akiinua pua kupita kiasi, hewa huacha kuyashika mabawa, na chini hapana nafasi ya kusahihisha. Roy Halladay, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, alikufa hivyo tarehe 7 Novemba 2017. Alikuwa peke yake, akicheza juu ya bahari kwa kimo kilichofika futi 11.

Mwisho ni maji yenyewe, ambayo kwa mwendo ule si laini hata kidogo. Magurudumu yasiyokunjwa hunasa kwanza, pua huzama, na mara nyingi ndege hupinduka. Kwa hiyo hushauriwa mlango ufunguliwe kabla ya kugonga, mkanda usifunguliwe mpaka ndege itulie, na jaketi la kuokolea lijazwe upepo nje, si ndani. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege kubwa ya Ethiopia, iliyotekwa ikaishiwa mafuta, iliangukia baharini huko Komoro. Watu 125 walikufa, na wengine wao walikuwa wamejaza majaketi yao mapema, wakaelea hadi darini wasiweze kutoka.

Nilipomsomea mama maneno haya kabla ya kuyaleta, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nikiwa rubani nitapita chini juu ya mtumbwi wa mjomba kumsalimu. Nikamjibu kwamba nitapita kwa futi 2,000, na mjomba asitegemee kuniona nikipunga mkono. Bado hajakubali, lakini ameomba nimwachie nakala.